Safari ya Kingolwira na Habari za Maji Yasiyokuja

Atokaye Dar es Salaam kwenda Morogoro kwa treni mpya ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024, hufika kabla hajamaliza kuzungumza na jirani yake. Lakini treni hiyo haina kituo Kingolwira. Mwenye jamaa zake huko hana budi kushuka Morogoro, aende Msamvu, kisha arudi nyuma kwa daladala upande wa mashariki, kwa barabara ile ile kuu iendayo Dar es Salaam. Ndivyo nilivyofanya mimi, siku chache kabla ya masika, nilipokwenda kumjulia hali mama yangu mkubwa, ambaye umri umemlemea miguu lakini haujaugusa ulimi wake.

Kingolwira si mji wala si shamba. Ni mahali ambapo vyote viwili vimekutana, na kila kimoja kinamsukuma mwenziwe. Upande wa kusini imesimama milima ya Uluguru, myeusi asubuhi, buluu wakati wa adhuhuri, na jioni aghalabu imejifunika mawingu kama mtu aliyejitanda shuka. Reli ya zamani, ile ambayo Wajerumani waliifikisha Morogoro mwaka 1907, inapita hapo. Liko gereza lililojulikana kwa kilimo tangu miaka ya 1930, na kiko kituo cha serikali cha kukuzia vifaranga vya samaki, ambacho watu hukijia kutoka mbali ili wapate mbegu ya perege. Ukiongeza mashamba ya mkonge uliyoyapita njiani na nyumba mpya za matofali zinazoota kila mwaka, umekwisha kuiona Kingolwira kwa nje.

Kwa ndani, Kingolwira ni mto. Mto Ngerengere hushuka Uluguru, ukauzunguka mji wa Morogoro, ukapokea maji ya mto Morogoro na vijito vingine vya mlimani, kisha ukashika njia ya mashariki mpaka ukaingia katika Ruvu, ambao ndio unaowanywesha watu wa Dar es Salaam. Wakati wa kiangazi utauvuka huku umekunja suruali tu, ukauliza kama kweli huu ndio mto. Wakati wa masika huulizi tena.

Lakini kabla haujaufikia mji, mto huu umezuiwa. Magharibi ya Morogoro, kando ya barabara ya Iringa, lipo bwawa la Mindu, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na kumalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ngerengere na wenzake wanne, yaani Mzinga, Mlali, Mgera na Lukulunge, huingia humo, na sehemu kubwa ya maji ya kunywa ya mji wa Morogoro hutoka humo. Siku ya pili ya safari yangu nilikwenda kulitazama. Ni ziwa zuri. Wavuvi walikuwa majini, vilima vimejiona katika maji, na basi la Iringa lilipita nyuma yangu likipiga honi. Mtu asiyejua hudhani Mwenyezi Mungu aliliumba pamoja na milima. Kumbe linashikiliwa na tuta la udongo lililoshindiliwa na kuvikwa mawe, kazi ya mikono ya wanadamu, na kila kazi ya mikono ya wanadamu yataka kuangaliwa.

Yafaa nieleze kidogo habari za tuta la namna hii, kwani wengi hudhani bwawa huvunjika kama chungu, mara moja na kwa kishindo. Tuta la udongo lina adui wawili wakubwa. Wa kwanza ni maji yanayopita juu yake. Ndiyo sababu mafundi huacha ubavuni njia ya maji ya ziada, wanayoiita utoro, ili bwawa likijaa lipumue kwa njia ile wala lisipumue kwa kichwa. Adui wa pili ni mwerevu zaidi: maji yanayopenya chini kwa chini, yakila udongo wa ndani punje kwa punje. Maji machache yanayovuja yakiwa meupe si ajabu, kila tuta hutoa jasho. Yakianza kutoka yenye tope, basi tuta lenyewe ndilo linalotoka. Hapo saa zinahesabika. Lakini angalieni neno hilo: saa. Mara nyingi bwawa linalokufa hutangaza kifo chake, ila lazima awepo wa kusikia, na awepo wa kwenda kusema.

Sisemi kwamba Mindu linaumwa. Lilikuwa limesimama nilipoliona, na serikali imekuwa na mradi wa kuliinua ukuta wake kwa mkopo wa Ufaransa, kwa sababu mchanga na tope vimelijaza na kulipunguzia nafasi ya maji. Tope hilo hutoka mlimani, mahali palipolimwa mpaka kwenye miteremko mikali. Serikali ya kikoloni nayo ilitaka kuuzuia udongo wa Uluguru usishuke, ikawaamuru Waluguru wachimbe matuta ya ngazi, kwa lazima, bila kuwasikiliza. Mwaka 1955 watu wakachoka, zikatokea ghasia huko Matombo, na mpango mzima ukafa. Pengine yalikuwamo mema katika mpango ule. Lakini ulikuja kwa sauti ya bwana shamba na askari, na sauti ile watu walikuwa hawaiamini. Neno hilo nililikumbuka mara nyingi katika siku zilizofuata.

Jioni tulikaa barazani, mama mkubwa na mimi. Nilipomwambia nimetoka Mindu alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama askari wa bwawa yupo. Nikasema sikumwona, lakini huenda yupo. Akasema, "Huenda, mwanangu, si neno la kuambia mtu anayelala chini ya maji."

Ana haki ya kusema hivyo, kwa kuwa yeye si mzaliwa wa Kingolwira. Aliolewa Kilosa, akakaa Magomeni ya huko, karibu na mto Mkondoa, miaka arobaini. Mji wa Kilosa una jambo moja la ajabu: mvua inayouangamiza hainyeshi kwake. Mto wake huanza nyanda za Dodoma kwa jina la Kinyasungwe, nchi inayojulikana kwa ukame, na mvua kubwa ikinyesha huko, maji hushuka kwenye bonde pamoja na reli, yakafika Kilosa hali mbingu ya Kilosa imetulia. Wazee walilijua jambo hili, ndiyo maana lilijengwa tuta refu la kuulinda mji tangu zama za ukoloni, na huko juu, Kidete, bwawa la kuupunguza mto kasi. Ila mwenye kujenga ni mmoja na mwenye kutunza ni mwingine. Miaka ikapita, watu wakalima juu ya tuta, ng'ombe wakalikanyaga, bwawa la Kidete likaharibika, na kila mtu akasema kazi hiyo ni ya mwenziwe.

Mwishoni mwa Desemba 2009 maji yakaja. Yakaja tena Januari 2010, mengi zaidi. Tuta likakatika. Reli kati ya Kilosa na Gulwe ikang'olewa vipande, treni za kwenda bara zikasimama kwa miezi, na watu zaidi ya 20,000 wakaachwa bila makao. Ukiyapima maji yale kwa ukubwa wake, utastaajabu kwamba waliokufa walikuwa wachache. Nilimwuliza mama mkubwa kwa nini.

"Sisi tulitolewa na mzee wa reli," akasema. "Alikuwa amestaafu, jirani yetu. Alishika kipande cha chuma akapita mlango kwa mlango, anagonga. Wala hakusema tahadhari, wala hakusema serikali imetangaza. Alisema, 'Mto umeingia kwa fulani, ondokeni.' Akalitaja jina la mwenye nyumba, nasi tunamjua, tunajua nyumba yake ipo juu kuliko yetu. Nani angelala tena?"

Marehemu mume wake alitoka nje, kisha akarudi kuung'oa mlango. Usicheke, msomaji. Mlango ule ulikuwa wa mninga, aliununua kwa akiba ya miaka 2, na mtu anayepoteza nyumba hushika kile ambacho mkono wake unakijua. Mama mkubwa mwenyewe alibeba sufuria tupu na mjukuu mchanga. Vyeti, kadi za kliniki, karatasi za kiwanja, vyote viliachwa katika sanduku chini ya kitanda, na vyote viliyeyuka. Baadaye, katika hema za kambi ya Mazulia, alipotakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa na nyumba, alikuwa na sufuria. Siku hiyo, asema, ndiyo aliyolia. Usiku wa maji hakulia.

Mume alifariki miaka michache baadaye, na binti yake, ambaye ni dada yangu, akamchukua kuja kukaa naye Kingolwira. Yule mjukuu aliyebebwa pamoja na sufuria sasa ni kijana wa sekondari, mrefu, mpole, mwenye simu mkononi wakati wote. Na hapa ndipo lilipo jambo lililonifanya niandike habari hizi.

Masika ya mwaka uliopita, usiku wa mvua kubwa, simu ya kijana huyu ilipokea ujumbe: Mindu limepasuka, kimbieni. Haukuwa na jina la aliyeuandika. Ulikuwa umepita katika mikono mingi, na kila mkono uliusukuma mbele. Kijana akamwamsha bibi yake. Bibi akauliza swali moja, "Nani kasema?" Hakuna aliyejua. Hata hivyo akavaa, akachukua mkoba uliotundikwa nyuma ya mlango tangu aje Kingolwira, akasema twendeni. Wakatoka wanne, yeye, binti, kijana na mtoto mdogo, wakapanda upande wa mlimani mpaka kwenye mwembe mkubwa, wakakaa chini yake wamejifunika turubai hata alfajiri. Wakasali Alfajiri pale pale, juu ya majani yenye maji. Kulipopambazuka wakaona mto. Ulikuwa umejaa, lakini ulikuwa katika kingo zake. Mindu halikupasuka, wala halikuwa na habari.

Wakarudi. Majirani waliokuwa wamelala wakawaona wanavyorudi, wamelowa, mtoto anakohoa. Mtani mmoja akamwita mama mkubwa Bibi Safina, na jina likamganda. Yeye hulicheka. Asema Nabii Nuhu (a.s.) alichekwa miaka mingi zaidi. Lakini kijana hakucheka. Shuleni walimwuliza kama amekwisha kupakia wanyama wawili wawili. Akaapa mbele ya mama yake kwamba hatakimbia tena kwa ajili ya bwawa, hata akiliona kwa macho.

Mama mkubwa aliniambia neno hili kwa sauti ya chini, wakati kijana ameingia ndani. "Mimi siwezi kupanda kule bila yeye. Yeye ndiye miguu yangu. Akikataa, tumekaa."

Siku iliyofuata nilitembea na kijana kando ya mto, nikamhadithia habari za watu wa mbali, nikitumaini kwamba ataona hakuwa peke yake. Nilimwambia kwamba Februari 2017, huko California katika Marekani, watu wapatao 188,000 waliamriwa kuondoka chini ya bwawa la Oroville, kwa sababu njia yake ya maji ya ziada ilikuwa ikimomonyoka. Wakajaa barabarani na magari yao, wazee na wagonjwa pamoja. Baada ya siku 2 wakaambiwa rudini. Bwawa lilisimama. Nani aliyewacheka? Nikamwambia pia habari za bwawa la Teton, huko Idaho, tarehe 5 Juni 1976, ambalo lilionekana asubuhi linavuja, na kabla ya adhuhuri likabomoka lote. Kwa kuwa walioona walisema, na walioambiwa walitoka, maelfu waliondoka na waliokufa walikuwa 11.

Kijana alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mjomba, hao waliambiwa na wenye bwawa. Sisi tuliambiwa na simu isiyo na mwenyewe."

Nakiri kwamba sikuwa na jibu. Nilikuja kumponya aibu yake, naye akanionyesha kwamba ugonjwa si aibu. Mtu hawezi kukimbia kila usiku wa mvua kwa ujumbe usio na mwenyewe. Akikimbia mara 3 bure, mara ya 4 atalala, na hiyo ya 4 ndiyo itakayomwua. Tena hakuna awezaye kumlaumu, kwani alifundishwa kulala.

Tazama yaliyotokea Derna, mji wa ndugu zetu wa Libya, usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2023. Yalikuwapo mabwawa 2 juu ya mji, yaliyojengwa miaka ya 1970 na kuachwa bila matunzo. Mtaalamu mmoja wa maji, Abdelwanis Ashoor, alikuwa ameandika mwaka 2022 kwamba mabwawa hayo yako hatarini. Maandishi yake yalikuwapo, lakini hayakugonga mlango wa mtu. Ilipokuja tufani iliyoitwa Daniel, amri zilipingana: wengine waliambiwa wahame, wengine waliambiwa wasitoke nyumbani. Mabwawa yote mawili yakavunjika, moja juu ya jingine, na maelfu ya watu wakachukuliwa baharini pamoja na nyumba zao. Hawakuwa wakaidi. Wengi wao walikuwa wametii.

Na karibu nasi, Solai, kaunti ya Nakuru katika Kenya, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, wiki moja na kitu kabla ya Ramadhani ya mwaka ule, bwawa la shamba la mtu binafsi lilipasuka juu ya vijiji vya wafanyakazi. Watu wasiopungua 47 wakafa, watoto wengi miongoni mwao. Hapo hapakuwa hata na amri zilizopingana. Hakuna aliyewaambia lolote.

Msomaji wa gazeti hili bila shaka amekwisha kukumbuka bwawa jingine, la kale kuliko yote haya, ambalo Kurani Tukufu inalitaja katika Sura ya Sabaa. Ni bwawa la Marib, katika Yemen, tuta lililokuwa na urefu wa yapata meta 600, lililonywesha bustani mbili za watu wa Sabaa kwa karne nyingi. Liliharibika na kutengenezwa tena mara kwa mara. Yupo hata Abraha, yule yule wa tembo, aliyeacha maandishi juu ya jiwe akieleza alivyolitengeneza yapata mwaka 548. Mwishowe likavunjika, wala halikutengenezwa tena, na watu wakatawanyika.

Wapokezi wa habari za kale wanasimulia kisa kimoja ambacho hatukisimulii vya kutosha. Wanasema mkuu mmoja wa kabila la Azd, Amr bin Amir, alikwenda kulitazama bwawa akaona panya wakilichimba, mmoja akisogeza jiwe ambalo watu wengi wasingeweza kulisogeza. Akajua limekwisha. Je, alirudi akapiga mbiu? Wanasema hakupiga. Alimfundisha kijana wake amgombeze na kumpiga kofi mbele ya watu, ili apate kisingizio cha kusema kwamba hakai tena katika nchi aliyoaibishwa. Akauza mashamba yake kwa majirani kwa bei nzuri, kisha akaondoka na watu wake. Katika uzao wa wale walioondoka, wanasema, walitoka Aus na Khazraji walioukaribisha Uislamu Madina, na Ghassan wa Sham, na Azd wa Oman, ambao wajukuu zao walifika mpaka kwetu Unguja na Mombasa.

Hadithi hii husimuliwa kwa kuusifu werevu wa Amr. Mimi, tangu nitoke Kingolwira, sina raha nayo. Nawafikiria walionunua. Walitoa fedha zao wakanunua bonde lenye maji juu yake, na aliyewauzia aliyajua maji yale. Bila shaka heri kubwa ilitokana na safari ile, na Mwenyezi Mungu hutoa heri atakapo. Lakini panya waliwatangazia watu wote, naye akaisikia mbiu akaiweka mfukoni.

Ijumaa, baada ya sala, nilimngoja mwadhini wa msikiti wa jirani. Ni mtu wa makamo, fundi cherehani kwa kazi, mwenye sauti ambayo watu wa ng'ambo ya mto huisikia kukiwa na utulivu. Nilimwuliza kama kipaza sauti chake kinafanya kazi umeme ukikatika. Akasema kina betri. Nikamwuliza, ukiamshwa saa 8 za usiku ukaambiwa bwawa lina hatari, utasemaje?

Akafikiri sana. "Nimekwisha kutangaza misiba," akasema, "na watoto waliopotea, na ng'ombe, na chanjo, na mkutano wa maji ya bomba. Maneno ya mambo hayo ninayo. Maneno ya bwawa sijapewa na mtu. Wala sijui ni nani anayepaswa kuniamsha. Nikiamshwa na mlevi je?"

Sheria zipo. Ile ya maji ya mwaka 2009 inasema juu ya usalama wa mabwawa, na ile ya maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati tangu taifa mpaka kijiji. Sina shaka kwamba mahali fulani iko karatasi inayoonyesha nani atampigia nani simu. Lakini karatasi ile haijamfikia fundi cherehani wa Kingolwira, ambaye ndiye mwenye sauti. Na wako wale ambao hata sauti ikiwafikia haiwatoshi: mgonjwa kitandani, mzazi aliyejifungua jana, mzee asiye na mjukuu, na pale jirani, wafungwa, ambao mlango wao hufunguliwa kutoka nje. Kingolwira ina heri moja kupita mitaa ya mjini kama Mafisa na Kihonda: ipo mbali zaidi na bwawa, na umbali ni muda. Wa karibu akiambiwa upesi, wa mbali anazo saa za kutembea. Asipoambiwa, umbali haumfai kitu.

Mwadhini alinipa kiti nikakaa dukani kwake, tukaanza kutunga maneno. Alikataa neno tahadhari, akisema watu hulisikia redioni kila siku. Alikataa maneno marefu. Mwishowe akaandika kwa chaki ya cherehani juu ya kitambaa cheusi kwamba atalitaja jina lake kwanza, halafu jina la mtu aliyemwambia na wadhifa wake, halafu mahali pa kwenda. "Bila jina la aliyeniambia," akasema, "sipandi." Akasema atakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa Jumatatu, amwulize nani mwenye simu ya watu wa bwawa. Nikamkumbuka mzee wa reli wa Kilosa, aliyetaja nyumba kwa jina la mwenyewe, nikanyamaza.

Kijana alikuwa amesimama mlangoni wakati wote huo, amekuja kuniita chakula. Sikujua amesikia kiasi gani.

Usiku ule mama mkubwa alinifungulia mkoba wake. Ndani yake mlikuwa na vyeti vya watu wanne ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa mara 2, dawa yake ya shinikizo la damu ya siku 7, tochi, kanga 2, fedha kidogo, kisu, na picha ya mumewe. Hapakuwa na sufuria. "Sufuria nitaazima," akasema. Nilimkumbusha yule bedui aliyeulizwa na Mtume (s.a.w.) habari za ngamia wake, akanijibu kwamba yeye hana ngamia, ana mkoba, na umefungwa.

Asubuhi ya kuondoka kwangu niliamka nikakuta nyumba tupu. Chai ilikuwa mekoni, mlango umeegeshwa, mkoba haupo ukutani. Moyo ulinipiga. Nilitoka nje, jua ndiyo kwanza linapanda, mbingu safi, hakuna hata wingu juu ya Lupanga. Nikawaona kwa mbali wanashuka kutoka kwenye mwembe, bibi ameshika bega la mjukuu, mjukuu ametundika mkoba shingoni na simu mkononi, anaitazama.

Waliponifikia alinionyesha saa ya simu. "Dakika 34, mjomba, tangu mlangoni mpaka mwembeni. Amepumzika mara 2."

"Mara 1," akasema bibi. "Ile ya kwanza nilikuwa nafunga kiatu."

Kijana akaniambia kwamba Alhamisi watakwenda tena, baada ya Isha, bila kuwasha taa, na kwamba mwadhini ameomba afuatane nao.